Kenya Imefika, Kenya Amefika: Jina la Nchi Lilivyogeuka Jina la Mtu

Juzi dada yangu alinitumia ujumbe wa simu: "Kenya amefika salama. Kesho tunampeleka Nanyuki." Niliusoma mara mbili. Nikadhani kidole kimeteleza, labda alikusudia "tumefika Kenya", lakini dada hajatoka nje ya nchi hii kwa miaka sita. Nilipompigia ndipo nikaelewa. Kenya ni mgeni wake, muuguzi wa Kimarekani waliyefahamiana kazini dada alipokuwa huko, na hilo ndilo jina alilopewa na mama yake mwaka 1971. Si jina la utani wala la jukwaani. Pasipoti inasema hivyo: jina, Kenya, uraia, Marekani.

Jioni hiyo kila aliyekuwapo nyumbani kwa dada alikuwa na maelezo yake. Mjomba alishikilia kwamba wazazi wa mgeni lazima waliwahi kuja huku kutalii, mimba ikaingia Mombasa. Binamu akasema wamefuata jina la Mzee Kenyatta, na nchi yenyewe imeitwa kwa jina la Mzee. Mwingine akamaliza kwa kusema Wamarekani humwita mtoto chochote kinachowajia mdomoni. Nimekutana na mabishano hayo hayo mtandaoni kila anapotokea Mmarekani mwenye jina hilo: watu wanacheka, wanauliza kama ana ndugu aitwaye Uganda, kisha mjadala unaishia hapo. Inaniuma kidogo, kwa sababu nyuma ya jina hilo kuna historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni yetu.

Tuanze na kilicho karibu, yaani sarufi. Kiswahili kinatusaidia mahali ambapo lugha nyingine hukwama. Tukisema "Kenya imeshinda" tunazungumzia nchi, au timu yake. Tukisema "Kenya ameshinda" tunazungumzia mtu. Herufi moja tu pale mwanzoni mwa kitenzi, i au a, inamaliza utata wote. Kwa Kiingereza sentensi hizo mbili zinaandikwa sawasawa, herufi kwa herufi, na msomaji anaachwa akisie. Ujumbe wa dada haukuwa na kosa lolote. Mimi ndiye niliyekataa kuamini kile kiambishi kilichokuwa kinaniambia waziwazi kwamba aliyefika ni mtu.

Sasa maneno machache tuyaweke sawa kabla ya kwenda mbali. Jina la mahali ni lile linalotaja mlima, mto, mji au nchi. Jina la kupewa ni lile mtoto anaitwa nalo tangu kuzaliwa, lake peke yake, tofauti na jina la ukoo ambalo anashirikiana na jamaa zake. Majina ya mahali kuingia kwenye majina ya ukoo ni jambo la kawaida mno na halimshangazi mtu. Pwani tunao akina Shirazi, na jina lao linadai asili ya Shiraz, mji wa Uajemi. Jina la namna hiyo huitwa nisba, na lina mkia wake, ile i ya mwisho inayosema "mtu wa". Kiswahili kinafanya kazi hiyo hiyo kwa kichwa badala ya mkia: Mkenya, Mganda, Mpemba. Kwa hiyo mtu angeitwa Mkenya tusingegutuka sana. Kinachotugutusha ni kwamba huyu hakuitwa mtu wa mahali. Ameitwa mahali penyewe.

Nalo si jambo geni duniani. Mwaka 1820 wazazi wa Kiingereza waliokuwa safarini Italia walipata binti katika mji wa Florence, wakampa jina la mji. Huyo ndiye Florence Nightingale, mama wa uuguzi wa kisasa. Dada yake alizaliwa Naples mwaka uliotangulia, akaitwa Parthenope, jina la kale la Kigiriki la mji huo. Sharon ni uwanda ulioko Israeli unaotajwa katika Biblia. Jordan ni Mto Yordani wenyewe. Tunao akina Florence, Sharon na Jordan katika kila darasa na kila kwaya, tunawaita siku nzima bila kukumbuka uwanda wala mto. Jina likizoeleka, mahali pake panafifia. Jina Kenya kwetu haliwezi kufifia hivyo kwa sababu tunaishi ndani yake.

Lakini Kenya yenyewe ilitoka wapi?

Ilitoka mlimani. Kabla ya kuwa nchi, Kenya ulikuwa mlima tu, na mlima huo ulikuwa na majina mengi kulingana na upande uliosimama ukiutazama. Wakikuyu waliuita Kirinyaga. Waembu wana jina linalokaribiana na hilo. Wameru wanauita Kirimaara. Wamaasai waliuita Ol Doinyo Keri, mlima wenye mistari. Tafsiri inayosikika sana ya Kirinyaga inahusisha neno nyaga, yaani mbuni. Ukiwahi kumwona mbuni dume kwa karibu utaelewa mara moja: mwili mweusi tii, na mabawa na mkia vyenye manyoya meupe. Sasa tazama vilele vya mlima asubuhi: mwamba mweusi, na theluji imekaa kwenye mikunjo yake. Wengine hufasiri nyaga kuwa mng'ao, na Wakikuyu humtaja Mungu kwa jina la Mwene Nyaga, mwenye mng'ao huo. Sioni haja ya kuchagua moja na kuitupa nyingine. Ninachokiona ni kwamba watu wa lugha tofauti kabisa, wa pande tofauti za mlima, walipoutazama walichokiona kwanza ni ule weusi uliochanganyika na weupe.

Hapa kuna jambo la kupendeza ambalo wengi hulipita. Nyaga ni jina la mtu pia. Ukienda Embu na Mbeere utakutana na akina Nyaga wengi, na wazee wanaikumbuka familia ya mwanasiasa Jeremiah Nyagah, aliyekuwa waziri kwa miaka mingi. Yaani muda mrefu kabla Mmarekani yeyote hajamwita bintiye Kenya, ndani ya jina la mlima lilikuwamo tayari jina ambalo watoto wa huko huitwa.

Kutoka Kirinyaga hadi Kenya kulitokea nini? Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba Waingereza walishindwa kutamka Kirinyaga, ndimi zikawa nzito, wakalikata jina. Ni hadithi inayochekesha vizuri, ila inamruka mtu muhimu, naye ni Mkamba. Kikamba hakina r, na mahali pengi ambapo Kikuyu kina g, Kikamba huiangusha. Mvua kwa Kikuyu ni mbura. Kwa Kikamba ni mbua. Mgeni kwa Kikuyu ni mugeni. Kwa Kikamba ni mueni. Mlima kwa Kikuyu ni kirima. Kwa Kikamba ni kiima, na aliyepita Machakos anaijua Kiima Kimwe. Chukua sasa Kirinyaga, toa r, toa g. Kinachobaki ni Kiinyaa. Hakuna ulimi ulioshindwa hapo. Ni lugha moja ya Kibantu ikilipokea jina la jirani yake kwa sheria zake yenyewe, kama sisi tunavyosema mvua bila kumwomba radhi mtu yeyote.

Aliyelisikia jina hilo kwa Wakamba na kuliandika alikuwa Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844. Mwishoni mwa 1849 alikuwa Kitui, mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kikamba ambaye misafara yake ilifika hadi pwani. Kivoi aliujua mlima ule na alimweleza. Tarehe 3 Desemba 1849 mawingu yakafunguka, Krapf akaona kwa mbali vilele viwili vilivyochomoza kama pembe. Katika maandishi yake jina linaonekana kwa sura zaidi ya moja, Kegnia na Kenia, dalili ya mtu anayesikiliza neno asilolijua na kujitahidi kulinasa kwa herufi za kwao. Wanajiografia waliokaa Ulaya hawakumwamini. Theluji kwenye ikweta? Walimwona mzee wa ndoto. Ilichukua miaka mingi mpaka mvumbuzi wa Kiskoti, Joseph Thomson, alipoupita mlima upande wa Laikipia mwaka 1883 na kuthibitisha.

Kwa hiyo mnyororo ni huu: mbuni au mng'ao, kisha Kirinyaga, kisha Kiinyaa ya Wakamba, kisha Kenia ya Mjerumani, na hatimaye Kenya ya ramani za Waingereza. Mpaka hapo ni mlima tu. Nchi ilikuwa inaitwa Himaya ya Afrika Mashariki hadi 1920, serikali ya kikoloni ilipoigeuza kuwa Koloni na Himaya ya Kenya. Jina la mlima likavikwa nchi nzima, pamoja na watu wa Turkana, Lamu na Kisumu ambao wengi wao hawakuwahi kuuona hata siku moja.

Tarehe hiyo ya 1920 inatosha kujibu dai la binamu. Mwaka huo Mzee Kenyatta hakuwa Kenyatta. Alizaliwa Kamau wa Ngengi, akabatizwa Johnstone mwaka 1914, na kwa muda alijulikana kama Johnstone Kamau. Jina Kenyatta alilipata baadaye, kutokana na mkanda wa shanga aliopenda kuuvaa, ambao kwa Kikuyu huitwa kinyata. Alipopanda meli kwenda London mwaka 1929 tayari alikuwa Johnstone Kenyatta, na Jomo likaja mwaka 1938. Nchi haikuitwa kwa jina lake, naye hakuitwa kwa jina la nchi. Ni mkanda na mlima vilivyogongana kwa sauti. Kugongana huko kulimfaa sana kisiasa, hilo halina ubishi, na ndiyo sababu watu wengi, wa hapa na wa ng'ambo, wanaamini majina hayo mawili ni baba na mwana.

Nitaongeza jambo moja kuhusu mlima huo kabla ya kuvuka bahari. Mwanajiografia wa Kiingereza Halford Mackinder alipoufikia upeo wake Septemba 1899, vilele vyake vikuu vilipewa majina ya malaiboni, yaani viongozi wa kiroho wa Kimaasai: Batian kwa Mbatian, Nelion kwa ndugu yake, na Lenana kwa mwanawe. Batian, wenye mita 5,199, ndio ncha ya juu kabisa. Kwa hiyo kwenye mlima huo huo njia ina pande mbili. Majina ya watu yalipanda yakawa majina ya mahali, na jina la mahali likashuka likawa la watu.

Sasa tuvuke, maana swali la watu ni hili: kwa nini Wamarekani?

Jibu fupi ni kwamba si Wamarekani kwa jumla. Jina Kenya kule limekaa zaidi kwa Wamarekani weusi, nalo lilianza kushika kasi mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970. Mgeni wa dada alizaliwa katikati ya wimbi hilo. Alipoulizwa kama wazazi wake waliwahi kufika huku, alicheka. Baba yake alifanya kazi kiwandani na mama yake alifua nguo za watu. Hawakuwahi kupanda ndege. Mama alilisikia jina kwenye taarifa za habari, akalitamka peke yake jikoni mara kadhaa, likamkaa mdomoni. "Darasani kwetu," alisema, "tulikuwa akina Kenya wawili."

Kuelewa kwa nini jina la nchi ya mbali likae mdomoni mwa mama huyo, inabidi turudi nyuma hadi utumwani. Mtumwa alipofika Amerika, jina lake lilikuwa mali ya aliyemnunua kama vile mikono yake. Wachache waliweza kubaki na majina ya Kiafrika yaliyopindwa: Kofi likawa Cuffee, Kojo likawa Cudjo. Wengi walibandikwa majina ya Biblia, ya Kirumi, na ya miji. Ndiyo, ya miji. Katika orodha za watumwa unakuta wanaume walioitwa London, Bristol, Glasgow na York. Kuna York mmoja anayejulikana sana katika historia: mtumwa wa William Clark, aliyevuka bara zima hadi Bahari ya Pasifiki na kurudi pamoja na msafara wa Lewis na Clark kati ya 1804 na 1806. Alifanya kazi ile ile waliyofanya wenzake. Wenzake walilipwa fedha na ardhi. Yeye alirudi mtumwa, na jina la mji wa Uingereza ambao hakuwahi kuukanyaga.

Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu mimi lilinibadilishia picha yote. Jina la mahali kuwa jina la mtu si upuuzi ulioanza jana kwa watu hao. Walilijua kwa mamia ya miaka, ila kutoka upande wa anayebandikwa jina. Mahali palipotajwa palikuwa pa bwana, kwenye ramani ya bwana, na kijana aliyeitwa London hakuulizwa.

Kisha ikaja miaka ya 1950. Hali ya hatari ilipotangazwa Kenya Oktoba 1952, habari za Mau Mau zilisomwa na watu weusi wa Marekani kwa macho tofauti na ya wakubwa wa London. Mwaka 1959 Tom Mboya alizunguka miji ya Marekani akitafuta nafasi za masomo, na Septemba mwaka huo wanafunzi 81 wakasafirishwa kwa ndege hadi New York. Waliosaidia kuchangisha fedha walikuwamo mchezaji Jackie Robinson, mwanamuziki Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier. Mwaka 1960 wakili Thurgood Marshall, ambaye baadaye alikuwa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu ya Marekani, alikaa na wajumbe Waafrika kwenye mkutano wa katiba ya Kenya wa Lancaster House, London, na kuwaandikia rasimu ya haki za binadamu. Uhuru ukapatikana tarehe 12 Desemba 1963. Mwaka mmoja baadaye, mtaani Harlem, New York, mwanaharakati mweusi Malcolm X alikuwa akiwasifu Mau Mau hadharani kama watu waliojua uhuru unachukuliwaje.

Kwa hiyo neno Kenya lilipoingia jikoni kwa yule mama halikuja na simba wala watalii. Lilikuja na watu weusi waliokuwa wameikataa dola kubwa, dola ikaondoka.

Juu ya hayo ongeza Kiswahili. Mwaka 1966 mwanaharakati Maulana Karenga alianzisha Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani weusi, huko California, na misingi yake saba akaiita kwa maneno ya Kiswahili, umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Nia na Imani yakawa majina ya mabinti. Kujichagulia, neno ambalo sisi hatulitumii kila siku, kwao lilibeba hasa jambo tunalolizungumzia, yaani mtu kujipa jina mwenyewe na kumpa mwanawe. Wengine walichukua majina ya watu kutoka vitabuni, wengine walichukua Kenyatta lenyewe na kulifanya jina la kwanza, na wengine wakachukua ramani. Mtu ambaye hajui babu yake alitoka kijiji gani hawezi kumpa mtoto jina la babu kama tufanyavyo. Anaweza kumpa jina la bara, au la nchi iliyomgusa moyo. Ni kweli kwamba watumwa wengi waliofika Marekani walitoka Afrika Magharibi na Kati, wala si kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Wenzetu wengi hulitaja hilo kana kwamba wamemkamata mtu akidanganya. Yule mama hakuwa anajaza fomu ya ukoo. Alikuwa anachagua.

Na kwa nini Kenya, si Ghana iliyotangulia kupata uhuru mwaka 1957, wala Nigeria? Hapa natoa maoni yangu: sikio lilichangia. Miaka hiyo Marekani ilikuwa imejaa akina Tanya, Sonya na Tonya. Kenya linaingia katikati yao bila kusukumwa: silabi mbili, nya mwishoni. Jina zuri lazima liweze kuitwa kwa sauti kubwa kutoka mlangoni mtoto akiwa anacheza nje, na hilo linaitika.

Wengi wao ni wanawake, ila si wote. Kenya Moore, aliyekuwa mlimbwende wa taifa la Marekani mwaka 1993, ni mwanamke. Kenya Barris, mwandishi na mtayarishaji wa vipindi vya televisheni, ni mwanamume. Ukikutana na jina hilo kwenye barua pepe, usikimbilie "Bibi" kabla hujauliza.

Kuna pia matamshi, na hapa watu wetu huchanganyikiwa. Unaweza kumsikia Mmarekani akijiita "Kiinya". Si ujinga. Wakoloni na walowezi walitamka jina la nchi hivyo hivyo, Kiinya, na matamshi hayo yakasambaa katika Kiingereza kwa miongo. Baada ya uhuru matamshi yetu ya Kenya, yenye e iliyo wazi, ndiyo yaliyoshika hata katika Kiingereza. Lakini familia iliyompa mtoto jina kwa kulisikia redioni inaweza kuwa ilisikia lile la zamani. Mtu akishajitamkia jina lake, mjadala umekwisha. Mlima unaweza kurekebishiwa matamshi, mtu huulizwa.

Mexico na nchi nyingine za Kihispania utakutana na akina Kenia, kwa i. Ni jina lile lile, maana kwa Kihispania nchi yetu huandikwa Kenia. Mwimbaji wa Mexico, Kenia Os, ni mfano unaojulikana na vijana. Inanifurahisha kwamba tahajia hiyo ni mojawapo ya zile alizotumia Krapf pale Kitui.

Japani ni habari nyingine kabisa, na ndiko makosa mengi hutokea. Kuna wanaume wa Kijapani wanaoitwa Kenya, mmojawapo akiwa msanifu mashuhuri Kenya Hara. Hao hawana uhusiano wowote na mlima wala nchi. Jina lao limejengwa kwa vipande viwili vya Kijapani, Ken na ya, na huandikwa kwa herufi zenye maana ambazo wazazi huzichagua. Mjapani hata hachanganyi, kwa kuwa nchi yetu kwa Kijapani huitwa Kenia. Ni kama jina Chad. Wengi hudhani akina Chad wa Marekani wameitwa kwa jina la nchi jirani ya Sudan, kumbe ni jina la mtakatifu wa Uingereza ya kale, na nchi ya Chad imepata jina lake kutoka ziwani. Maneno mawili yanaweza kuvaa shati moja bila kuwa ndugu.

Mbona basi sisi wenyewe hatuwaiti watoto Kenya? Nadhani ni kwa sababu majina yetu hujibu maswali mengine. Otieno anatuambia alizaliwa usiku. Wafula anatuambia mvua ilikuwa inanyesha, na Simiyu kwamba ulikuwa wakati wa kiangazi. Mtoto wa Kikuyu anatuambia babu au nyanya yake alikuwa nani. Jina linaonyesha saa, majira, au mtu. Kumwita mtoto Kenya ukiwa Kenya ni kama kumwita Nyumbani. Halimtofautishi na aliyekaa kando yake. Jina la mahali lina nguvu likitamkwa kutoka mbali.

Nilimweleza dada haya yote kwa simu, kwa haraka na bila mpangilio, akawa anayatafsiri mezani. Mjomba aliuliza tu kama mgeni anakula ugali. Anakula.

Kesho yake walimpeleka Nanyuki kama walivyopanga, wakafika jioni, mlima umejifunika wote kama kawaida yake. Alfajiri simu yangu ikalia. Ujumbe wa dada: "Mlima umefunguka. Kenya amesimama nje tangu saa kumi na mbili, hana hata sweta, tumemwita chai mara tatu hataki kuingia."